Kuuza vitenge kwa WhatsApp ukiwa nyumbani Lubumbashi

Anayetaka kuuza vitenge kwa simu akiwa nyumbani, awe mitaa ya Katuba, Kenya au Bel-Air, huanza kwa kuhangaikia wateja. Wateja wapo. Harusi, ubatizo, matanga na tarehe 8 Machi (Siku ya Wanawake) hazikosi mwaka wowote, na kila tukio linadai nguo yake. Maduka mengi ya nyumbani huanguka kwa bei iliyokisiwa, na kwa pesa ya duka kulala mfuko mmoja na pesa ya bukari (ugali). Ndiyo maana tunaanza na hesabu, picha zitafuata.

Bei ya kweli ya kitenge kimoja

Tuchukue mzigo wa vitenge 20, kila kimoja yadi 6, ulionunuliwa kwa dola 12 kila kimoja. Wengi huuza 18 na kusema wamepata faida ya 6. Tazama kinachosahaulika. Usafiri wa mzigo mzima, tuseme dola 18, ni 0.90 kwa kila kitenge. Kodi na gharama za njiani, tuseme 24, ni 1.20. Mfuko na karatasi ya kufungia, 0.30. Mega (intaneti) na kuchaji kwa mwezi, dola 15, zikigawanywa kwa vitenge 20 ni 0.75. Ada ya kutoa pesa kwenye simu, 0.40. Halafu kitenge kimoja katika 20 kitachafuka, kitapotea au kitakwama mpaka ukitoe bure: 12 gawanya kwa 20 ni 0.60. Jumla ni dola 16.15.

Ukiuza 18, unabaki na 1.85, yaani dola 37 kwa mzigo wote, na hapo jasho lako halijalipwa. Ukiuza 20, unabaki na 3.85, yaani dola 77. Dola mbili ambazo mteja anakuomba uzipunguze kwa neno «ya mwisho ngapi?» ni zaidi ya nusu ya chakula chako. Kwa hiyo tangaza 21 ukijua utashuka mpaka 20, na chini ya hapo umjibu kwa heshima: «Yaya, hapo nimefika mwisho, lakini ukichukua viwili nitalipa mimi usafiri.» Namba hizi ni za mfano, weka zako, ila usiruke mstari hata mmoja.

Kama biashara yako ni changa, mzigo wa kwanza usizidi vitenge 10: mapambo (michoro) matano, vitenge viwili viwili. Nunua kwa wauzaji wa jumla mjini, hata kama kila kitenge kitakugharimu dola moja zaidi. Safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kuagiza Dar es Salaam mzigo upite Tunduma na Zambia, inalipa pale tu unapojua mapambo gani yanatoka haraka.

Unaponunua

Kifungue kitenge chote. Yadi 6 ni karibu mita 5.5, vipo vingi vya bei ndogo vinavyoishia mita 5, na fundi cherehani wa mteja ndiye atakayegundua, si wewe. Geuza upande wa nyuma: waksi (kitenge cha nta) nzuri ina rangi karibu sawa pande zote mbili, ile iliyochapwa upande mmoja ina mgongo uliopauka. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye blauzi ya mteja. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Poliesta si dhambi kuuza, ila iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Jambo moja linawaumiza hasa wanaouzia kwaya na vyama vya mama. Pambo lilelile likija katika mzigo wa pili, rangi inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi watu 30 wakisimama mstari mmoja. Oda ya sare inunuliwe yote siku moja. Kabla hujasema ndiyo, hakikisha muuzaji wa jumla ametenga idadi yote, na mkononi mwako kuna avansi (malipo ya awali) isiyopungua nusu.

Simu, namba na picha

Laini ya duka iwe peke yake. WhatsApp Business ni ya bure na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida, mradi kila moja iwe na namba yake. Siku hiyohiyo weka PIN ya tarakimu sita kwenye uthibitisho wa hatua mbili, na umwambie kila mtu nyumbani kwamba namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS haitolewi kwa yeyote. Namba ikiibwa, mwizi anaanza kuwaomba wateja wako avansi kwa jina lako, na kuaminiwa tena kunachukua muda mrefu kuliko kurudisha namba.

Kila kitenge kipewe namba, tuseme K-014, iliyoandikwa kwenye kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kwenye katalogi na kwenye daftari. Kikiuzwa, kiondoe kwenye katalogi kabla hata ya kukifunga. Wateja wawili kulipia kitenge kimoja ni ugomvi unaozuilika kwa sekunde kumi.

Piga picha kati ya 8h00 na 10h00, karibu na dirisha au barazani penye kivuli. Taa ya nyumbani hufanya nyeupe kuwa njano, na bluu kuwa rangi usiyoijua. Mteja akipokea atasema umemdanganya, na atakuwa na haki. Futa lenzi kwanza. Picha tatu zinatosha: kitenge kilichokunjuliwa chote kionekane, ukingo wenye maandishi ya kiwanda, na mgongo. Weka mkono au rula kwenye picha moja ili ukubwa wa pambo ujulikane. Picha za muuzaji wa jumla achana nazo. Zinazunguka simu zote za mji.

Statasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo weka tatu au nne kwa siku, si ishirini. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huwafikia tu waliohifadhi namba yako, ndiyo maana kila mteja mpya aombwe kuihifadhi. Majibu ya haraka yaandae mapema: bei, jinsi ya kulipa, maeneo unayopeleka. Na saa ya miadi iandike hivi: 14h30. Ukisema saa nane na nusu, mmoja atahesabu Kiswahili, mwingine Kifaransa, na motari (dereva wa pikipiki) atasimama mlangoni bure.

Umeme

Umeme ukikatika saa za jioni ndipo wateja wanapoandika. Benki ya umeme ya mAh 20,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara nne kama hesabu inavyoonyesha. Sehemu hupotea njiani, tegemea mara mbili na nusu hivi. Hiyo inatosha siku nzima. Kompyuta si ya lazima mwanzoni, pesa yake inunue vitenge. Umeme unaporudi huja kwa kishindo: chomoa chaja wakati umekatika, uirudishe dakika chache baada ya taa kutulia.

Malipo

Hapa ndipo pa kuwa mkali. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zina mfuko wa dola na mfuko wa franka, na haichanganyiki. Mteja akitaja dola 20 halafu akatuma franka, nani amepanga kiwango? Kipange wewe, na ukiandike kwenye ujumbe uleule wa bei: «Dola 20, au franka kwa kiwango cha leo, bei hii ni mpaka jioni.» Mwaka 2025 franka, iliyokuwa imeshuka kwa miaka, iligeuka ikapanda thamani kwa kasi, na waliokuwa na bei ya franka ya mwezi uliopita kwenye katalogi walijikuta wanabishana na kila mteja. Katalogi ibaki kwa dola. Lakini akiba yako usiiweke yote kwa dola, maana motari, mega na soko la kila siku unavilipa kwa franka.

Picha ya skrini si malipo. SMS pia si malipo, kwa sababu yeyote anaweza kukuandikia ujumbe unaofanana na ule wa kampuni. Malipo ni salio lililoongezeka, ulilolitazama mwenyewe kwenye menyu ya huduma. Utaratibu uwe mmoja kwa wote, hata kwa shemeji: kwanza salio, halafu mzigo unatoka. Akija mtu kusema «mama, nimekosea namba, nirudishie», angalia salio kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Kama kweli kimeingia, mwelekeze kwa kampuni yake ya simu irekebishe, usitume wewe.

Kwa dola za karatasi, zikague mlangoni pa mteja. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni au iliyochorwa kalamu itakataliwa sokoni, na ya dola moja wengi hawaipokei. Chenji itoke kwa franka.

Deni ni jambo gumu kwa sababu anayeomba ni jirani au mama wa kanisani. Njia isiyovunja undugu ni kumwekea kitenge pembeni: analipa kidogo kidogo, unaandika kila malipo mbele yake, anakichukua akimaliza. Kitenge kikiwa kwako, hakuna wa kumkimbia mwingine.

Kupeleka

Nyumba nyingi hazina namba inayoonekana. Omba avenyu, namba ya parsele (kiwanja), komuni (wilaya ya mji), alama ya karibu kama kanisa, shule au depo, na lokasheni ya simu. Alama ndiyo humsaidia motari zaidi. Lokasheni iliyotumwa mteja akiwa kazini huwapeleka watu mtaa mwingine kabisa. Chagua motari wawili unaowajua, usitegemee mmoja. Bei ya usafiri ipangwe kwa eneo na itajwe kando ya bei ya kitenge. Unganisha oda: Ruashi asubuhi, Kamalondo na Kenya mchana, badala ya kumtuma mtu mara tano kwa kitenge kimoja kimoja.

Kunja kitenge ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hata kiangazi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua, na miezi mingine vumbi jekundu huingia kwenye kila mkunjo. Ndani weka kikaratasi cha namba ya kitenge na kiasi kilicholipwa.

Kwa Likasi na Kolwezi tumia agensi za basi. Huko mteja alipe yote pamoja na usafiri kabla. Jina kwenye kifurushi liwe kama lilivyo kwenye kadi yake ya mpiga kura, kwa kuwa hiyo ndiyo wengi huonyesha kama kitambulisho. Kifurushi cha «Mama Furaha» kinaweza kulala kwenye gichet (dirisha la kupokelea) siku tatu. Piga picha risiti, umtumie mara moja. Mteja wa Kinshasa yuko saa moja nyuma yako, kwa hiyo usimpigie alfajiri ukidhani ameamka.

Karatasi za serikali usizikwepe. Uliza patenti (leseni ya biashara ndogo) kwenye ofisi ya komuni yako kabla mwenye kukagua hajakuuliza. Kongo imo OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, tangu 2012, na sheria zake zina ngazi ya mfanyabiashara mdogo anayetoa tamko tu kwenye RCCM, rejista ya wafanyabiashara. Biashara ikikua, Guichet Unique (ofisi ya dirisha moja) ndiyo mlango wa kusajili kampuni. Kila unacholipa, dai risiti.

Daftari la Jumamosi

Safu sita: tarehe, namba ya kitenge, bei ya kununua, bei ya kuuza, njia ya malipo, usafiri. Jumamosi jioni hesabu vitenge vilivyo kabatini na ulinganishe na daftari. Kikikosekana kimoja, bado utakumbuka wiki ilivyokwenda. Pesa ya kununulia mzigo ujao itenge kwanza, kwenye laini ya duka. Kisha jilipe kiasi kilekile kila wiki, na likelemba (mchango wa kupokezana), ada za watoto na wageni vitoke humo. Pambo ambalo halijauliziwa kwa wiki sita litoe kwa bei uliyonunulia, ununue lile ambalo watu wameuliza mara tatu ukawa huna. Hayo pia yana ukurasa wake nyuma ya daftari: walichoomba, nani, na namba yake, ili likifika awe wa kwanza kuandikiwa.