Somo: Kumfikisha Konrad salama na kuwalea askari wake katika Battle for Wesnoth

Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, tulikuwa watu sita kwa mashini (kompyuta) mbili, na Konrad, kijana tunayemwongoza mchezoni, alikufa mara nne kabla jua halijazama. Mara zote nne alikufa namna ileile: mchezaji aliona kibao cha njia kwa mbali, akamkimbiza Konrad peke yake, usiku ukamkuta uwanjani. Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimewaonyesha vifungo vya kubonyeza, sikuwaonyesha jinsi ya kuwatazama askari. Kwa hiyo naandika somo lote toka mwanzo.

Kwa waliojiunga jana: Battle for Wesnoth ni mchezo wa vita vya zamu. Unasogeza askari wako wote, unafunga zamu, ndipo adui anasogeza wake. Uliandikwa na David White, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo watu wa kujitolea wa nchi nyingi wanauendeleza. Hauuzwi. Leseni yake ya GPL inaruhusu kuugawa, hivyo mmoja wetu akishaupakua wengine wanaukopi kwa flashi bila kumwibia mtu. Sisi tunaonunua mega za intaneti kwa kuhesabu, hapo tumepona. Ukishaingia kwenye mashini hauombi intaneti tena, na Kifaransa kimo ndani kwa asiyesoma Kiingereza.

HATUA YA 1: WAJUE WATU WAKO

Hadithi tunayocheza ni ya mrithi wa kiti cha enzi. Mfalme Garard aliuawa vitani na mwanawe mwenyewe, Eldred, na malkia Asheviere akashika nchi. Mzee Delfador akamwokoa mtoto mmoja, Konrad, akamlea msituni kwa Waelfe, watu wa msitu katika hadithi hii. Mchezo unaanza Konrad akiwa kijana, siku Waorki, maadui wakali wa hadithi, walipokuja kuuchoma msitu huo.

Konrad ni daraja la 1 tu. Ana upanga mzuri lakini bado ni kijana. Akipanda daraja la 2 anakuwa kamanda na anapata uongozi: askari wa daraja la chini aliyesimama kando yake anapiga kwa nguvu zaidi, asilimia 25 kwa kila daraja analozidiwa. Ndiyo sababu hafichwi nyuma milele. Anatakiwa kupigana, ila akiwa amezungukwa na watu wake.

Delfador namwita majusi, na naomba wote tumwite hivyo. Neno mchawi kwetu ni la mtu anayeroga jirani, na huyu mzee halogi. Umeme wake unampata adui mara saba kati ya kumi, hata adui huyo amejificha mlimani au kijijini. Ana nguvu kuliko askari yeyote wa kikosi chako cha mwanzo, na hapo ndipo mtego ulipo. Nitaurudia chini.

Katika Waelfe unaowaandikisha, anza na aina hizi tatu. Mpiganaji, dhahabu 14, uhai 33 (ukiisha wote anakufa), upanga wa vipigo vinne vya 5 (kila kinachopata kinaondoa uhai 5). Mpiga upinde, dhahabu 17, mishale minne ya 5, upanga dhaifu. Na mganga, yule dada mwenye fimbo ambaye wengi wenu mnamdharau kwa sababu haui. Mganga anawarudishia uhai 4 kila zamu wote waliosimama kando yake, na anapomshambulia adui kwa mizizi yake, adui huyo anabaki na nusu ya nguvu na nusu ya mwendo. Jitu likikujia, mganga apige kwanza, wengine ndiyo wafuate. Mimi siendi popote bila waganga wawili.

Askari wengi wanazaliwa na tabia mbili za bahati. Mwenye akili anapanda daraja kwa uzoefu pungufu kwa asilimia 20. Mwenye mbio ana hatua moja ya ziada na uhai kidogo pungufu. Kabla hujampeleka mtu mbele, soma tabia zake pale pembeni. Mwenye akili ndiye wa kulelewa.

Halafu wape majina. Mchezo unakuruhusu kubadili jina la askari, na watoto wa kwetu wanawaita majina ya watu wa avenyu yetu. Utaona: askari mwenye jina la jirani yako humtupi ovyo.

HATUA YA 2: SOMA ARDHI, HALAFU SOMA SAA

Hii ndiyo hatua ninayotaka muisome polepole.

Uwanja umegawanyika katika vipande vya pembe sita. Atakayepigwa mara nyingi au mara chache anaamuliwa na kipande alichosimamia, ngao haina neno hapo. Mwelfe akiwa kwenye majani matupu, mapigo sita kati ya kumi yanampata. Mwelfe huyohuyo akiwa msituni, sita hadi saba yanapita hewani. Mworki msituni hana raha hiyo. Kwa hiyo vita vyako vyote vya mwanzo vinataka sura moja: wewe uko chini ya miti, adui yuko majanini au majini.

Saa nayo. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, na zamu mbili za usiku. Waorki ni watu wa giza. Usiku wanaongezewa asilimia 25, mchana wanapunguziwa asilimia 25. Waelfe hawaongezewi wala hawapunguziwi. Mworki wa kawaida ana upanga wa vipigo viwili vya 9. Mchana kila kipigo kinakuwa 7, usiku kinakuwa 11.

Nilikuwa na mpiga upinde niliyemlea hatua kadhaa za mchezo (kila hatua ni pambano moja la hadithi) hadi akapanda daraja la 2. Watoto walimwita Mukubwa. Siku moja, zamu ya kwanza ya usiku, nilimwacha kipande kimoja tu nje ya msitu kwa sababu nilitaka amalizie adui aliyejeruhiwa. Alimmalizia. Alibaki na uhai 40, nikaona anatosha. Nikafunga zamu, Waorki watatu wakamzunguka. Vipigo sita vya 11, na majanini sita kati ya kumi vinapata. Vinne vilimpata: 44. Angalikuwa ndani ya miti, hesabu yake ya kawaida ilikuwa vipigo viwili au vitatu, na asubuhi ingemkuta hai. Mtoto wa dada yangu alinyamaza, akaenda kukaa nje. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga zamu nauliza mambo mawili kwa kila askari: amesimama wapi, na adui atampiga saa gani?

Jambo lingine la kuwakumbuka Waorki hao wa upanga: hawana silaha ya mbali hata moja. Ukiwapiga kwa mishale katika zamu yako hawajibu kitu. Hata mpiganaji wako ana upinde mdogo, na kila mara watu wanausahau. Mchana, toka ukingoni mwa msitu, piga mishale, kaa palepale.

HATUA YA 3: DHAHABU NA VIJIJI

Kwa kifupi. Kijiji kinakuletea dhahabu kila zamu, kinalipia gharama ya askari, na kinamponya aliyelala ndani yake uhai 8. Chukua vyote vilivyo karibu, usivifuate vya mbali. Ukimaliza hatua, sehemu tu ya dhahabu yako inavuka nawe, kwa kawaida asilimia 40, na ukiwahi kumaliza mara nyingi unapata ya ziada. Kumwita tena askari wa zamani ni dhahabu 20, daraja lake liwe lolote. Mpiganaji mpya ni 14. Kwa tofauti ya 6 unapata mtu aliyekwisha kuona vita.

HATUA YA 4: NANI AMALIZIE

Kila pigano linampa askari uzoefu sawa na daraja la adui. Kuua kunampa mara nane ya daraja hilo. Yaani kupigana na Mworki wa daraja la 1 ni uzoefu 1, kumuua ni 8. Hapa ndipo mtego wa Delfador. Ukimwachia mzee amalizie kila adui, anakula chakula cha watoto. Utafika mbele na mzee hodari na kundi la wanagenzi ambao hawajawahi kupanda.

Mpangilio wangu ni huu: Delfador anafungua, anamwacha adui na uhai kidogo. Kisha naangalia nani anakaribia kupanda. Huyo ndiye anapewa pigo la mwisho, na akipanda, uhai wake wote unarudi palepale kana kwamba hajaguswa. Mara mbili au tatu hilo limeniokolea safu nzima.

HATUA YA 5: HATUA YENYEWE YA KWANZA YA MCHEZO

Lengo ni kumfikisha Konrad kwenye kibao cha njia, kaskazini-magharibi. Hukuambiwa uwaue Waorki wote, na huwezi. Zamu ya kwanza andikisha ukiwa ngomeni: wapiganaji, wapiga upinde, waganga wawili. Tuma wachache wakachukue vijiji vya njiani. Konrad atembee katikati, mtu mbele, mtu kushoto, mtu kulia, mganga nyuma. Kila askari wa daraja la 1 na kuendelea anamzuia adui kwenye vipande vinavyomzunguka, hivyo hawahitaji kugusana mabega. Wawili walioachana vipande viwili tayari wamefunga njia.

Konrad ni binadamu: msitu unaomficha Mwelfe unamchelewesha yeye. Mpitishe njiani mchana, na giza likikaribia mtafutie kijiji au mzungushie watu mpaka alfajiri. Delfador akifa pia umeshindwa, kwa hiyo naye asibaki nyuma akipigana peke yake kwa sababu eti ana nguvu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Katuba: Yaya (kaka yangu), kwetu umeme unakatika bila kuaga, na betri ya mashini yangu imekufa. Nikiwa zamu ya 12 ukakatika, njo naanza upya?

Hapana, ndugu. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila zamu inapoanza. Umeme ukirudi fungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa, chukua zamu ya mwisho. Utapoteza zamu moja tu.

Kutoka Kampemba: Mganga anaponya 4, kijiji 8. Nikimweka mganga kando ya aliye kijijini, anapata 12?

Hapati. Inachukuliwa kubwa peke yake, yaani 8. Kinachojumlishwa ni mapumziko: asipotembea wala kupigana zamu nzima anaongezewa 2, inakuwa 10. Na ujihadhari na sumu. Baadhi ya Waorki wana visu vya sumu inayokula uhai 8 kila zamu. Mganga wa daraja la 1 anaizuia isile lakini haiondoi. Kijiji kinaiondoa, ila zamu hiyo hakikuponyi. Kaa zamu ya pili.

Mama mmoja wa Ruashi: Mwanangu wa miaka 12 anacheza huko kwenu. Nimesikia kuna uchawi na wafu wanaotembea. Naomba uniambie ukweli, baba.

Mama, aksanti kwa kuuliza. Ukweli ni kwamba wafu wamo, na ni maadui wanaopigwa vita. Hakuna dua wala kafara inayofundishwa. Ni hesabu: mwanao anazidisha, anatoa, anapanga mbele. Njoo Jumamosi ukae karibu naye hatua moja nzima, ujionee. Usipopenda, nitaliheshimu neno lako.

Kutoka komuni yetu ya Kenya: Nimefika kwenye mifupa inayotembea. Wapiga upinde wangu wote hawafanyi kitu!

Mshale utachoma nini kwa mtu asiye na nyama? Mishale na panga zinapungua nguvu sana kwa mifupa. Inaogopa moto na kitu kizito cha kuponda. Delfador anafaa, na ukishapita kisiwa cha Alduin utaandikisha majusi wako mwenyewe: dhahabu 20, vipigo vitatu vya 7 vya moto, na saba kati ya kumi vinapata popote. Ana uhai 24 tu, kwa hiyo apige na kurudi nyuma ya mtu. Wapiga upinde wako waweke kando kwa hatua hiyo, usiwaue bure.

Kutoka Kenya tena: Na yule binti wa malkia, Li'sar, nimuue?

Pigana naye unavyoagizwa. Mbele ya safari mtakuwa upande mmoja. Zaidi ya hapo sisemi, wengine hawajafika.

Kutoka Kamalondo: Yaya, ni dhambi kurudisha zamu mtu wako akifa?

Mimi narudisha Konrad akifa, kwa sababu hatua imekwisha. Askari mwingine akifa siku hizi sirudishi, hata Mukubwa sikumrudisha. Anayejifunza anaweza kurudisha mara moja, kwa sharti aseme kwanza kwa sauti kosa lilikuwa zamu gani. Mara nyingi si zamu aliyofia, ni ile ya kabla.

Mwanachama mpya: Mashini sina. Nije hivyohivyo?

Njoo. Watu wawili wanaweza kushindana kwenye mashini moja wakipokezana zamu, na tutakupa upande wa Waelfe. Tunaanza saa nane mchana, na ukiwa na flashi ibebe.