Kupima kwa Viluwiluwi Iwapo Kemikali Inavuruga Homoni za Thairoidi

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa maabara katika kaunti ya Nakuru, ambako viazi vya Molo na Mau Narok hunyunyiziwa mankozebu, dawa ya kuua kuvu, ili kuzuia ugonjwa wa bakajani. Dawa hiyo inapovunjika hutoa ethilinithiourea, ambayo huzuia kimeng'enya kinachotumia iodini kutengeneza homoni za thairoidi, tezi iliyo shingoni. Kipimo chenyewe ni kile cha mwongozo namba 231 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), uliotolewa mwaka 2009, na hutumia viluwiluwi wa chura aina ya Xenopus laevis kwa sababu hawawezi kugeuka kuwa vyura pasipo homoni hizo.

Anza na maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, kama meno ya kahawia ya wenyeji wengi yanavyoshuhudia, kwa hiyo usitumie maji ya kisima kabla ya kuyapima na kuyachuja. Pima iodini pia: kiluwiluwi asiyeipata ya kutosha huchelewa kukua hata kama hajaguswa na kemikali yoyote, na kipimo chako kitakuwa kimeharibika kabla hakijaanza. Joto la maji liwe nyuzi 22, lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 1. Kwa baridi ya usiku ya huku, hilo linahitaji vipasha joto na jenereta ya akiba.

Panga angalau viwango vitatu vya ukolezi pamoja na kundi linganishi lisilowekewa kemikali, kila kimoja kikiwa na matangi manne yenye viluwiluwi 20 kila tangi, wote wakiwa katika hatua ya 51 ya ukuaji kwa jedwali la Nieuwkoop na Faber. Usivue vyura wa mabwawa ya jirani ili kupunguza gharama, kwa kuwa ni spishi nyingine na hujui wamekunywa dawa gani huko mashambani. Kwa kuwa mankozebu huvunjika upesi majini, usiandike ukolezi uliokusudia tu. Chukua sampuli kila wiki na uandike ule uliopimwa.

Kipimo huchukua siku 21. Siku ya 7 ondoa viluwiluwi watano katika kila tangi, uwalaze kwa dawa ya usingizi, kisha upime uzito, urefu wa mwili, urefu wa mguu wa nyuma na hatua ya ukuaji. Siku ya 21 fanya hivyo hivyo kwa waliosalia.

Kusoma matokeo ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Viluwiluwi waliokua mapema kuliko kundi linganishi, bila dalili za sumu, wanaonyesha kwamba kemikali imegusa mfumo wa thairoidi. Waliochelewa hawathibitishi jambo hilo peke yao, maana sumu ya kawaida au njaa pia huchelewesha. Hapo ni lazima tezi ya thairoidi ikatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, ikilinganishwa na tezi za kundi linganishi zilizo katika hatua ile ile: tezi iliyovimba, yenye seli zilizorefuka na kuongezeka, ndiyo inayotofautisha kizuizi cha homoni na kiluwiluwi aliyedhoofika tu. Nasisitiza kwamba ripoti isiyo na vipande hivyo isipelekwe kwa mkulima wala kwa afisa yeyote. Vilevile, tangi lolote la kundi linganishi likipoteza zaidi ya viluwiluwi wawili, kipimo hicho hakihesabiki. Rudia tangu mwanzo.