Jinsi ya Kumtambua Sange Msituni

Anayetaka kumwona sange mkubwa katika misitu ya magharibi mwa Uganda aingie asubuhi, kwa kuwa mnyama huyu hutembea mchana, tofauti na panya wengi ambao watu humfananisha nao bila haki. Simama kimya penye majani makavu mengi na usikilize kwanza: mchakacho mfupi, kimya, kisha mchakacho tena. Ukimwona, tazama pua yake; ni ndefu, hupinda huku na huku kama mkonga mdogo, naye huitumia kuchokora majani akitafuta sisimizi, mchwa, mende, buibui na minyoo. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na uzito wake ni karibu nusu kilo. Ijapokuwa miguu hiyo yaweza kukukumbusha kangaruu, usitarajie mfuko tumboni, maana wanyama wa jamii ya kangaruu hawapatikani katika pori lolote la Afrika. Kwa nasaba, sange yuko karibu zaidi na tembo na muhanga, yule mnyama mla mchwa, kuliko panya, ajabu iliyoje! Ukikuta rundo la majani chini, kana kwamba limefagiliwa, huenda ni kiota chake cha kulala usiku. Lipite kwa mbali, wala usilifukue kwa fimbo.