Namna ya Kupima Uoto wa Bonde Oevu Lililokatwa Miti na Kuungua

Katika mabonde oevu ya Mufindi na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, vichaka hurudi mapema baada ya moto, na mtu anayepita barabarani huamini kuwa bonde limepona. Kijani peke yake si ushahidi. Mpimaji anapaswa kujua ni nini kinachoota, kimetokana na nini, na maji yamesimama wapi.

Fika kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kisha uombe kuongozana na wazee wanaolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwa kuwa wao ndio wanaokumbuka moto ulipita lini na miti ipi ilipasuliwa mbao. Kazi ifanyike mvua zinapoelekea kwisha, kati ya Machi na Mei, kwani nyasi na ndago zisizo na maua ni vigumu mno kuzitambua.

Vuta kamba kutoka ukingo mkavu hadi penye maji, ili mstari ukate ngazi zote za unyevu. Kila baada ya mita 20 weka kiwanja cha mita 5 kwa 5 cha kupimia vichaka, na ndani yake kimoja cha mita 1 kwa 1 cha kupimia majani na nyasi. Pigilia vigingi vya chuma, kwa sababu vya mti vitaungua moto ukirudi. Andika kina cha maji kabla ya jina la mmea wowote, halafu kadiria asilimia ya ardhi inayofunikwa na kila aina; watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake ndipo walinganishe.

Sehemu inayostahili subira kubwa ni shinani. Piga magoti, ondoa udongo kwa vidole: vijiti vingi vikitoka kwenye kisiki kinene chenye masizi, hayo ni machipukizi, shina moja lenye mzizi mwembamba ni mche uliotokana na mbegu. Bonde lenye machipukizi matupu linaishi kwa akiba ya zamani. Hata hivyo, miche iliyosongamana ya miwati, miti ya kigeni iliyoletwa kupandwa, isikufurahishe, kwa kuwa mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi na joto la moto huziamsha. Hapo unaandika uvamizi.

Penye udongo wa mboji, yaani uliotokana na mimea iliyooza, chimba kidogo. Ukikuta tabaka la majivu, moto uliunguza ardhi yenyewe, na mahali hapo huweza kudidimia na kushika maji ambayo vichaka vya awali havivumilii. Viwanja hivyo vichambuliwe peke yake.

Mmea usioujua ubanwe katikati ya magazeti, yabadilishwe kila siku kwa sababu ya unyevu wa ukungu wa nyanda za juu, na uandikwe namba pamoja na jina lake la Kihehe au Kibena. Mwaka unaofuata rudi mwezi uleule, kwenye vigingi vilevile, ukiwa na daftari la kwanza mkononi.