Anzia jaani: namna ya kupunguza kununua ukiishi Amu

Kisiwani kwetu Amu, yaani Lamu, hesabu ya kujitegemea haihitaji shule. Unga, sukari, mkaa, sabuni, hata nyanya, vingi vimetoka bara, vikafika gati ya Mokowe, vikapanda boti, vikashushwa Amu na kupakiwa punda hadi dukani. Kila mkono uliovishika umechukua chake, na anayelipa ni wewe. Kisha chupa, kopo na karatasi la nailoni lililovifunika havirudi bara. Hivyo tunabaki navyo.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, simwambii anunue tangi wala sola. Namwambia amwage pipa lake la taka juu ya gunia kuukuu, achague mafungu matatu: vya kuoza, vya kuwaka, na visivyooza wala visivyofaa kuwashwa. Fungu kubwa ndilo litakalokuonyesha kazi yako ya kwanza. Nyumba nyingi za mji huu, ukiondoa chupa, taka ni nazi.

Nazi yote

Mimi hupika mahamri na mbaazi za kuuza hapa mtaani Langoni, kwa hiyo nazi ninazijua kuliko ndugu zangu wengine. Nazi moja ina vitu vinne na watu hutumia kimoja tu, tui.

Makumbi yaanike juani, yawe ya kuwashia moto badala ya mafuta ya taa. Mengine yachambue, yaloweke na kuyasuuza, utayahitaji bustanini. Kifuu kikikauka kinawaka kwa ukali, kwa hiyo changanya vichache na mkaa kwenye seredani, usijaze. Kilichopasuka vizuri mpe fundi akufanyie upawa. Wa plastiki huyeyuka ukingo na hiyo plastiki mnaila nyinyi. Machicha wape kuku siku hiyohiyo, maana yakilala yanachacha.

Mafuta ya nazi yafanye nazi zikiwa rahisi. Chagua zilizokomaa, zile ukizitikisa maji yanalia ndani. Zikune kwa mbuzi, tia maji ya vuguvugu, kamua kwa kifumbu. Liache tui kwenye sufuria pana usiku kucha, ulifunike kwa kawa. Asubuhi utando mzito utakuwa juu na maji chini. Uengue utando, uuchemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga. Usitazame saa, sikiliza: maji yakiwamo sufuria hupiga kelele, yakikauka hunyamaza. Mabaki yakigeuka kahawia epua, usingoje yawe meusi. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu kabisa, kwa sababu maji kidogo tu yatayaharibu. Yale mabaki tia sukari, watoto watakuja bila kuitwa.

Nazi kumi nzuri hutoa karibu nusu lita. Piga hesabu utaona ni ghali kuliko mafuta ya kukaangia ya dukani, kwa hiyo mimi siyakaangii mahamri. Ni ya nywele, ngozi na kumkanda mtoto, na hapo ndipo yanapookoa pesa, maana vikopo vya losheni ndivyo vilivyokuwa vikijaza pipa langu.

Samadi haina mwenyewe

Mji una punda kila kichochoro na watu wanaokota samadi yao kwa kuchukia. Wewe iokote kwa faida. Lakini usiitie mbichi kwenye mimea, itachoma mizizi na kukuoteshea magugu. Irundike pembeni na maganda ya ndizi, majani makavu na majivu kidogo, imwagie maji iwe na unyevu, ifunike kwa gunia, igeuze kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi na harufu itakuwa ya udongo baada ya mvua. Ikinuka vibaya, ina maji mengi. Tia majani makavu.

Mchanga wetu haushiki maji. Changanya samadi iliyoiva, mchanga, na yale makumbi uliyoyachambua, jaza kwenye madebe na ndoo zilizotoboka. Anza na mchicha, kwa sababu wiki nne hivi unakata, na ukikata badala ya kung'oa unachipua tena. Pilipili, bamia na mrehani vifuate. Ukiwa na uwanda panda mlonge, ukate kichwa ukifika kifuani ili uchipue majani unayoyafikia kwa mkono.

Wadudu wakija, twanga majani ya mkilifi, yaani mwarobaini, yaloweke usiku, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni. Dari ya juu ya nyumba inayotazama bahari haifai kwa bustani wakati wa kusi, upepo una chumvi na majani huungua. Weka madebe nyuma ya ukuta.

Maji

Maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Tukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo maana mtu anayeacha bomba wazi akitawadha ananikera hata akiwa sheikh. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, haifiki lita. Tumia kata au birika, weka beseni chini, na maji hayo mpe mrehani.

Ukiwa na paa la mabati, tega mvua ya masika. Ya kwanza iache ioshe paa, kisha geuza mfereji uingie pipani. Maji ya makuti yana rangi ya chai, ni ya kufulia na bustani. Funika pipa kwa chandarua. Wazee wetu walifuga visamaki ndani ya birika la chooni wale viluwiluwi vya mbu, na bado sijaona dawa ya dukani iliyo bora.

Ukikosa mkaa wa kuchemsha maji ya kunywa, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, kwa maji maangavu yasiyo na tope, zilaze juu ya mabati saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Sokoni

Chukua kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini vitu bado vinakuja vimefungwa plastiki. Hapa Amu ndipo lilipojengwa jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara, likasafiri hadi Unguja mwaka 2019. Ninajivunia, lakini jahazi haliwezi kula ndara zetu zote.

Samaki nunua wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na bei imeshuka. Mpasue mgongoni, toa matumbo na matamvua, mtie chumvi, mwanike juu ya kichanja chini ya chandarua siku mbili tatu, na usiku mwingize ndani. Huyo ng'onda atakufaa kusi ikivuma na mashua hazitoki. Kamba mwenye mayai mkiani usimnunue hata ukipewa kwa bei ya bure. Muuzaji akikosa mnunuzi, kesho atamrudisha majini.

Kazi za mafuta na ng'onda zinachosha ukiwa peke yako. Mavyaa wangu alinifundisha kuzifanya kikoa: wiki hii kwangu, wiki ijayo kwa jirani, kila mmoja aje na nazi zake na mbuzi yake. Mwenye nyumba atoe moto na chai. Mafuta yagawanywe kwa idadi ya nazi alizoleta kila mtu, na zihesabiwe mlangoni kabla ya kupasuliwa.