Nanaa ya chunguni kwenye baridi ya Minnesota: ninavyoilaza na kuiamsha

Nimekulia Lushoto, ambako mwezi wa Julai tunaota moto jikoni na kusema baridi ya mwaka huu imezidi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Vyungu vyangu vilikuwepo, na mingi ya mimea iliyokuwamo ilichipua tena Mei. Wageni wanaohamia huku huniuliza nanaa ya chai inawezaje kuvuka majira hayo, basi naandika ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza tuelewe kinachoua. Mimea ya kudumu hukauka juu lakini mizizi hubaki hai ikilala, ila nayo baridi ikizidi hufa. Ikiwa ardhini, joto la chini huisaidia, na theluji huilalia juu kama blanketi. Ikiwa chunguni, baridi huizunguka pande zote. Halafu kuna jambo baya zaidi: jua la Februari linapiga chungu mchana, udongo unayeyuka, usiku unaganda tena. Kuganda na kuyeyuka huku kunakata mizizi midogo na kuusukuma mmea juu kama jino linalong'oka. Kazi yetu yote ni kuuzuia mmea usiamke kabla ya wakati.

Kosa langu la majira ya baridi ya kwanza lilikuwa huruma. Niliingiza nanaa sebuleni, karibu na hita, nikaimwagilia kila siku. Ilirefuka, ikapauka, ikajaa wadudu weupe, na kufikia Februari ilikuwa imekufa. Ilihitaji kulala, mimi nikaikesheza.

Mbegu nazo zinahitaji baridi. Ekinasia, mmea wa maua ya waridi, na ule mmea wenye utomvu mweupe ambao viwavi wa kipepeo monaki huutegemea, huota vizuri zaidi mbegu zikikaa kwanza kama mwezi mmoja kwenye unyevu na baridi. Mimi natumia galoni za plastiki za maziwa, zile zinazopitisha mwanga. Natoboa matundu kama sita chini, nakata galoni katikati kuizunguka lakini naacha sehemu ya chini ya mkono ishike kama bawaba. Najaza udongo maalumu wa kupandia vyunguni kimo cha sentimita 10, nalowesha mpaka maji yachuruzike, natawanya mbegu na kuzigandamiza kwa kiganja. Mbegu ndogo sizifukii. Nafunga kwa tepu pana, kifuniko cha mdomo natupa ili theluji na mvua viingie, kisha naiweka nje Januari na kuiacha huko. Jina la mmea naliandika kwa penseli kwenye kipande cha plastiki nakichomeka ndani, maana wino wa kalamu hufutwa na jua. Aprili joto likipanda miche inachomoza yenyewe, migumu, haihitaji kuzoeshwa upepo. Ikitoa majani halisi manne naihamisha.

Usitumie udongo wa bustanini kwenye chungu. Hushikana kama tofali na maji hayapiti. Chungu kiwe kikubwa, sentimita 40 kwa upana ukiweza, kwa sababu udongo mwingi hupoa na kupata joto polepole. Vyungu vya udongo wa kuchoma ni vizuri kwa macho, lakini hunywa maji, na maji yakiganda hutanuka. Nilipoteza viwili usiku mmoja, vimepasuka toka mdomo hadi kitako. Sasa natumia plastiki nene.

Upande wa mimea, tazama namba ya ukanda wa baridi kwenye kibandiko: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo mmea unavyovumilia baridi kali zaidi. Kwa ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya 2023, Minneapolis iko ukanda wa 5a. Kwa chungu mimi nashuka kanda mbili, nanunua inayovumilia ukanda wa 3: hosta ya majani mapana, sedumu ya majani manene, ekinasia, na vile vitunguu majani vyembamba vyenye maua ya zambarau. Hivi vitunguu ndivyo ningempa mtu anayeanza. Nanaa haifiki huko, kwa hiyo huipa nafasi nzuri zaidi. Mchaichai na rozmari usivitie kwenye hesabu hii. Hivyo viingie ndani penye dirisha.

Mwanzoni mwa Agosti naacha mbolea, ili mmea usitoe machipukizi mapya yatakayoungua. Jalidi ya kwanza ikipita siharakishi. Nasubiri usiku kadhaa wa kuganda, majani yakauke yenyewe, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Mashina nayaacha hadi majira ya machipuko. Namwagilia vizuri mara ya mwisho kabla udongo haujaganda, maana mzizi uliolala ukikauka hufa vilevile.

Nanaa inaingia gerejini isiyo na hita, imesukumwa kwenye ukuta unaopakana na nyumba. Huko giza halina shida. Mara moja kwa mwezi nachoma kidole kwenye udongo: ukiwa mkavu na haujaganda, namimina kikombe kimoja cha maji, basi. Vyungu vya nje navibananisha chini kabisa upande wa kaskazini wa nyumba, jua lisivifikie. Nazungushia waya wa matundu madogo wa kuzuia panya, najaza majani makavu kati yake na juu, kisha kila theluji ikianguka naichota kwa koleo na kuvirundikia. Mwenye roshani tu avisogeze ukutani, avifunge pamoja kwa blanketi kuukuu, na aviinue kidogo kutoka sakafuni. Mwenye kipande cha ardhi achimbe shimo akizike chungu mpaka mdomoni. Hakuna njia inayoshinda hiyo.

Aprili natoa matandazo kidogo kidogo, siyo siku moja. Nanaa naitoa gerejini mchana na kuirudisha usiku hadi katikati ya Mei, jalidi ya mwisho ipite. Usimwage chungu kwa sababu ya mashina makavu. Fukua kidogo pembeni ukaguse mzizi: ukiwa mgumu na mweupe ndani, subiri. Ukibonyea kama ndizi iliyooza, umekufa. Hosta hasa huchelewa, na mimi huipa hadi katikati ya Juni.