SOMO: Kuendesha mchezo wa kugawana pesa kijijini

Kila wiki mwanafunzi mmoja ananitumia ujumbe na swali lilelile: mchezo huu unaendeshwaje? Naandika mara moja, mwingine nitamwelekeza hapa.

A anapewa shilingi 10,000, anamgawia B asiyemjua kiasi atakacho. B akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanatoka mikono mitupu. Güth na wenzake, watafiti wa Ujerumani, waliuchapisha mwaka 1982.

1. Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji.

2. Noti za elfu moja, kumi kwa kila jozi. Zitafute mapema.

3. Mwulize kila mchezaji: "B akikataa, A anabaki na nini?" Asiyejibu "hana kitu" hajaelewa.

4. Milango. Hapa niliharibu. Tulikuwa ghala la chama cha msingi huku Newala, mlango mmoja. Waliomaliza walitoka kupitia kwa wanaosubiri chini ya mkorosho. Kuanzia mtu wa tatu, kila A alitoa elfu tano kamili. Nikajisifu nimegundua kijiji cha watu wa haki! Kumbe mzee aliyetoka wa kwanza alishawaambia, "Gaweni sawasawa, hawa wa chuo wanatupima roho." Data ya siku nzima nikaitupa, na pesa zimeshaondoka. Kwa hiyo: mlango wa kutokea uwe wa upande wa pili. Sarafu usitumie, zinalia. Usimkodolee macho A anapohesabu. Na usiende wiki ya malipo ya korosho, elfu mbili itadharaulika.

5. Lipa hapohapo.

MASWALI

— Mkuu, huu si kamari tu? Mshindi anapata ngapi?
Hakuna mshindi. Soma aya ya pili.

— Mkuu, kwani A anapewa ngapi?
Aya ileile.

— Mimi mwalimu, Nachingwea. Kwa nini mtu akatae elfu mbili ya bure?
Swali zuri, mwalimu. Mwaka 2003 Sanfey na wenzake Marekani waliwaweka watu 19 kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ubongo, wakigawiwa sehemu ya dola 10. Fungu la kupunjwa liliamsha insula, sehemu ya ubongo inayoamka pia mtu anapochukizwa na harufu mbaya. Na kompyuta ikiwapunja, walikataa mara chache kuliko wakipunjwa na mtu. Kinachouma ni mtu aliyekupunja. Ila usidhani ubongo unamaliza hadithi: Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26, na walikataa kwa nadra sana. Walamalera wa Indonesia, wanaovua nyangumi pamoja, walitoa 58. Ukifanya na wanafunzi wako, nitumie matokeo, nitakusaidia kuyasoma.

— Mikindani hapa. Bahasha za gundi tunazotilia noti zinajifunga zenyewe kwa unyevu wa bahari. Tumia stepla.
Hilo sikulijua. Haitoboi noti?
— Sukuma noti chini kwanza, kaka.